Muvumu wetu umesimama mezani

Goma, Jumamosi, jioni kabla ya giza

Mvua ilinyesha alfajiri ikakatika kabla ya chai. Mlima wetu wa volkano umejificha mchana kutwa nyuma ya wingu lake, na sisi huku chini tumeendelea na yetu. Miguu inaniuma. Nimesimama tangu asubuhi kando ya meza moja nikitabasamu na watu nisiowajua, na mashavu yamechoka kuliko miguu.

Shajara yangu, leo ninajivuna. Naandika hivyo mapema ili nisije nikajifanya mnyenyekevu huko chini.

Leo mti wetu umeonyeshwa hadharani. Ukiuweka chini haufiki gotini kwangu, lakini leo ulikuwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe, kwenye ukumbi wa parokia, na watu walipanga foleni kuusogelea. Watu wa Goma, hawa hawa ambao hawapangi foleni hata bombani.

Kwa anayefika kwenye blogu hii, ambayo ndiyo shajara yangu, kwa mara ya kwanza: mimi ni Solange. Nasuka na kukata nywele hapa Majengo, katika saluni yenye viti viwili na kioo kimoja chenye ufa. Nikimaliza vichwa vya watu narudi nyumbani kukata miti. Bonzai, ndivyo inavyoitwa. Ni mti wa kweli unaolelewa ndani ya chungu, unapunguzwa matawi na mizizi mpaka unazeeka ukiwa mdogo. Jina hilo nilifundishwa na dada Odette, muuguzi. Alikuja nyumbani kusukwa Jumapili moja, akaona vyungu vyangu vimepangwa juu ya ukuta, akasahau kichwa chake nusu kimesukwa nusu kimefumuliwa. Kumbe yeye na wenzake wachache walikuwa wakifanya jambo lile lile na wakikutana kila mwisho wa mwezi kuonyeshana. Mimi nilidhani niko peke yangu na wazimu wangu.

Lakini sikuanza kwa kupenda vitu vidogo. Nilianza kwa sababu sisi ni wapangaji.

Kila mpangaji wa Goma anaijua sheria hii ingawa hakuna aliyeiandika. Panda lengalenga, panda maharage, panda vitunguu ndani ya tairi bovu ukitaka. Mti, hapana. Anayepanda mti amesema anabaki. Siku mabishano yakifika mbele ya chifu wa mtaa, mashahidi wanaulizwa nani alipanda ule mti pale, na jibu lao lina uzito kuliko maneno yako yote. Ndiyo maana mwenye nyumba akiona mche wa parachichi unachungulia kwenye kiwanja chake anaung'oa kabla hajakusalimia. Mimi na Mama tumehama nyumba nyingi katika mji huu, na katika zote hakuna aliyewahi kunikataza chungu. Chungu kinabebwa. Unakiweka kichwani siku ya kuhama na hakuna anayekuuliza neno.

Mti wenyewe ni muvumu, ule wa jamii ya mtini, ambao kwetu Kibumba husimama kwenye ua wa karibu kila nyumba. Hauhitaji mbegu. Unakata fimbo, unaichomeka ardhini, inaota. Siku tulipokimbia mara ya kwanza, nikiwa msichana mdogo, Mama alikata fimbo moja kwenye ua wetu. Msidhani aliikata kwa ajili ya kumbukumbu. Alikuwa na godoro kichwani, barabara ilikuwa na matope, na alitaka kitu cha kuegemea. Tulipofika kambini Munigi fimbo ile ikawa mguu mmoja wa turubai letu. Mvua zikaja. Asubuhi moja Mama aliniamsha nione: mguu wa turubai ulikuwa umeota majani ndani ya hema, pale pale tulipoweka vichwa vyetu kulala.

Majirani wa kambini walikuja kutazama na kucheka. Mama hakucheka. Kambi ilipofungwa kila mtu aliondoka na turubai lake. Mama aliondoka na turubai pamoja na mguu wake.

Tangu hapo muvumu umekaa katika bidoni, yaani dumu, lililokatwa, kisha katika ndoo, kisha katika beseni lililotoboka, na sasa uko kwenye chungu cha jiwe la volkano alichonichongea fundi mmoja jirani. Mama aliutunza usife. Mimi ndiye niliyeufupisha, niliyeufunga waya ili matawi yalale, niliyeunyima mbolea ulipotaka kurefuka ovyo. Tuligombana sana juu ya hilo. Mama ni mkulima wa mashu, yaani kabichi, na viazi, na kwa mkulima mti uliokaa kwenye chungu ni mti wenye njaa. Mara nyingi nilimkuta ameumwagia maji ya kuoshea sufuria akidhani simwoni.

Maonyesho haya tuliyapanga muda mrefu, kabla vita havijaingia mjini. Vilipoingia tuliyasahau. Mimi na Mama tulivuka mpaka wa nchi, tukakaa kwa binamu yangu upande wa pili, wanane katika chumba kimoja. Kabla ya kuondoka niliwaza muvumu utakufa kiu juu ya ukuta. Milio ya risasi ilikuwa ikisikika upande wa uwanja wa ndege na Mama alikuwa mlangoni akiniita, lakini niliuteremsha, nikauweka chini kwenye ardhi tupu karibu na tangi la maji ambalo huvuja daima. Nikaona nimefanya akili kubwa.

Tuliporudi, saluni ilikuwa imevunjwa na kiti kimoja kimeibiwa. Muvumu ulikuwa hai. Zaidi ya hai: majani yalikuwa yamejaa, yanang'aa, shina limenenepa. Niliacha kila kitu nikaenda kuutazama, na nilikuwa na furaha kiasi kwamba niliona haya mbele ya majirani waliokuwa wakiwalilia watu wao. Sikuusogeza. Nilimwambia kila aliyepita kwamba mimi nina mkono wa miti. Wengine hulazimika kusoma, mimi nimezaliwa nao. Hayo ndiyo nilikuwa nikisema, tena kwa sauti.

Mkono wa miti! Chungu kina tundu chini la kutolea maji. Mtu yeyote mwenye bonzai anajua huwezi kuacha chungu chenye tundu kimekaa juu ya udongo wenye maji kwa miezi. Mti unateremsha mzizi kupitia tundu, unaufuata udongo, na kazi yako yote ya miaka inageuka mchezo. Nilijua. Lakini ulipendeza mno, nikaamua kutofikiri.

Dada Odette ndiye aliyefufua habari ya maonyesho. Alisema kama tukingoja mji utulie kwanza tutaonyesha miti yetu mbinguni. Parokia ikakubali kutupa ukumbi Jumamosi na Jumapili. Basi siku moja, wiki chache kabla ya leo, nikainama ninyanyue chungu changu nianze maandalizi: kufungua waya, kupangusa majani, kusugua jiwe. Chungu hakikunyanyuka. Nikajaribu tena. Kikainama upande kidogo, kikarudi mahali pake.

Papa Safari, mwenye nyumba wetu, alikuwa amekuja kutazama lile tangi linalovuja. Aliniona nikivuta. Akasogea, akaweka mkono chini ya chungu, akapapasa. Alipoutoa mkono ulikuwa na udongo.

"Mama Solange," akaita, akimtaka mama yangu aliyekuwa ndani. "Muko mulipanda muti mu parseli yangu."

Mama alitoka akiwa na kisu na kiazi mkononi. Alielewa mara moja, nilimwona usoni. Akasema kwa sauti ya chini ile anayoitumia na wenye nyumba wote: "Hatukupanda, papa. Njo wenyewe ulishuka."

"Batu bote bananiambiaka vile. Muukate leo, ao muhame."

Nilimwomba anipe muda hadi baada ya maonyesho. Nilimweleza, nadhani kwa maneno mengi mno, kwamba mzizi uliokwenda chini sasa ndio unaoulisha mti mzima, na kuukata ghafla kunaweza kuua kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kesho mzizi utakuwa mnene kuliko leo, na akaketi juu ya bidoni kunisubiri.

Niliukata nikilia, sitaficha. Msumeno wangu ni mdogo, wa matawi, na mzizi ulikuwa umefika unene wa mpini wa jembe. Utomvu mweupe ulitoka ukanitiririkia hadi kiwikoni. Mama aliniletea majivu ya jiko nikapaka kidondani, akabaki kando yangu. Papa Safari aliinuka, akafukua kile kipande cha mzizi kilichobaki ardhini mpaka akahakikisha kimetoka chote.

Nilikuwa nimeshamchukia vizuri. Akaharibu kwa kutusimulia. Alisema akiwa ameshika ule mzizi, bila kumtazama yeyote, kwamba kwao Masisi alimkaribisha mtu aliyekimbia, akampa mahali pa kujenga kibanda. Mtu yule akapanda mikaratusi nyuma ya kibanda, kidogo tu, ya kuni, alisema. Kisha zamu ya kukimbia ikamfika Papa Safari mwenyewe. Aliporudi baada ya miaka mingi, mikaratusi ilikuwa imepita paa, na mashahidi wote, wengine wao ndugu zake, wakasema kweli mwenye miti ni yule. Hakurudishiwa kitu. Kiwanja hiki cha Goma, chenye tangi bovu na vyumba vinne vya kupangisha, ndicho pekee alichonacho. Akaondoka na mzizi wetu mkononi.

Ningependa asingenieleza. Ni vigumu kumlaani mtu ukishajua kilichompata.

Dada Odette alikuja kesho yake baada ya zamu. Alisema mti uliopoteza mzizi mkubwa hauwezi kulisha majani mengi kiasi kile. Ama niyatoe mimi, ama mti uyatoe wenyewe ukijikausha. Basi nikachukua mkasi wangu wa saluni nikakata jani moja moja, yote, huku nikiacha vijiti vyake. Majani niliyokuwa nikijisifia kwayo mtaa mzima yakajaa beseni. Yaliyobaki yalikuwa matawi matupu yenye mabaka meupe ya utomvu. Mama alisimama nyuma yangu akatazama.

"Umemunyoa sawa mufiwa," akasema.

Kwetu aliyefiwa hunyolewa. Ni kazi yangu, nimewanyoa wengi mwaka huu.

Zikafuata siku za ubaya. Nilikuwa nikiamka na kwenda moja kwa moja kwenye chungu, kabla ya kunawa uso, kukwaruza gome kwa ukucha nione kama chini yake bado kuna kijani. Dada Odette alituma ujumbe akiuliza aniandikie meza au asiniandikie. Nikaufunga ujumbe, nikarudi kwenye gome. Ikanijia fikra kwamba mti huu ulivumilia kukimbia, ulivumilia kambi na hema na ndoo, na ambaye angeuua ni mimi, kwa uvivu na majivuno. Tena si mti wangu peke yangu. Nyumba yetu ya Kibumba haipo, ua haupo, jirani aliyepita huko alituambia pamebaki mahandaki ya askari. Kitu kimoja tu kilichowahi kuguswa na ardhi ile kiko kwenye chungu changu. Mama hajawahi kunisema kwa hilo. Ingekuwa heri angenisema.

Kisha asubuhi moja ya baridi niliona ncha ya tawi imevimba, imefunikwa kigamba chekundu. Nikadhani ni mdudu. Siku iliyofuata zilikuwa ncha nne.

Majani yaliyokuja yalikuwa madogo, madogo kuliko yote niliyowahi kuyapata. Ukiweka matatu hayafuniki ukucha wa kidole gumba. Hapo ndipo Dada Odette alipocheka mpaka akakaa chini. Alisema mabingwa wa kazi hii huko mbali huikata miti yao majani kwa makusudi ili ipate vijani vya namna hiyo, na sisi tumefika hapo kwa kukosana na mwenye nyumba. Meza nikapewa. Ile karibu na dirisha.

Juzi na jana nilifanya kazi ambayo sijawahi kuifanya kwa kichwa cha bibi harusi yeyote. Nilifungua waya nusu nusu, nikiukata badala ya kuuzungusha, gome lisijeruhiwe. Nikapangusa kila jani kwa pamba yenye maji. Nikasugua chungu kwa brashi ya viatu mpaka jiwe likarudi na weusi wake. Nikaenda nyuma ya nyumba kubandua ule ukijani laini unaoota juu ya mawe ya volkano baada ya mvua, nikautandika juu ya udongo kipande kwa kipande, ukaonekana kama malisho ya Masisi yakitazamwa kutoka kilimani. Mama alikaa pembeni akimenya kunde. Nilipomaliza alisogea, akaondoa kipande kimoja, akakigeuza, akakirudisha. Alikuwa sahihi.

Asubuhi hii nilitaka kukodi pikipiki. Mama akakataa katakata. Alifunga kitenge, akaweka kata kichwani, akaniamuru nimtwishe chungu ndani ya beseni, na tukatembea hadi parokia. Watu walitusimamisha njia nzima. Mmoja aliuliza ni mboga gani hiyo ya bei. Mama hakugeuza shingo, asingeweza, lakini alijibu kila mtu.

Ukumbini nilimwacha Dada Odette atafute uso wa mti, maana kila bonzai ina upande wake wa kutazamwa. Aliuzungusha taratibu mpaka tawi la kulia, la chini, likaangukia upande wa dirisha. Tawi hilo ndilo kazi yangu bora. Limenichukua miaka, linatoka shinani kama mkono uliochoka, linateremka, kisha ncha inainuka kidogo. Dada Odette alisema mti wote unapumzika juu ya tawi lile na kwamba bila hilo ungeonekana unaanguka. Kwenye kikaratasi cha mezani waliandika jina la mti na jina langu. Mama aliniambia niongeze. Sasa kinasomeka: Muvumu wa Kibumba.

Nilihofia watu hawatakuja. Nani anakwenda kutazama miti wakati huu? Walikuja. Walikuja na watoto, na nguo za kanisani, na wengine bila shaka walikuja kwa sababu hakukuwa na kiingilio. Mama mmoja aliniuliza kama nimeuagiza Dubai. Kijana mmoja alisimama na mikono mifukoni akasema watu wanakufa na ninyi mnapanga maua. Nilimwambia mti huu umekimbia vita mara nyingi kuliko yeye, aende akauulize. Nilisema kwa hasira, kisha nikaona aibu, maana sikujua yeye amekimbia mara ngapi. Lakini alibaki pale muda mrefu, na alipoondoka alinisalimia. Wale waliotoka upande wetu walikuwa wakiujua mti kabla ya kusoma kikaratasi. Walifika, wakatamka jina lake kwa sauti ndogo, wakaangalia nyuma kuona kama kuna mwingine anayeujua. Mama alikuwa kwenye kiti kando ya meza, na kila aliyetamka alimwuliza ametoka kijiji gani.

Sijawahi kumwona Mama hivyo. Miaka yote hapa mjini amekuwa mtu wa kuomba radhi. Anaomba radhi akichota maji, anaomba radhi mlango ukilia, anamwomba radhi mwenye nyumba hata kodi ikiwa imelipwa. Leo alikaa kwenye kile kiti cha plastiki amenyoosha mgongo, akiwapokea wageni.

Papa Safari alifika mchana, watu walipopungua. Alivaa koti lake la Jumapili. Sikuwa nimemwalika; sijui nani alimwambia. Alipita meza nyingine zote kwanza, haraka haraka, kisha akasimama mbele yetu. Alisoma kikaratasi, akainama, akaangalia chini ya chungu pale kwenye tundu. Palikuwa safi. Akaangalia majani yale madogo mapya, akaangalia shina. Aliangalia kwa muda mrefu kiasi kwamba Dada Odette alisogea kutoka meza yake kuona kuna nini.

Kisha akavua kofia.

"Mama Solange," akasema. "Mukirudia ku nyumba, muupande pa mulango. Mu udongo. Mi nimekubali. Niko natoa ruhusa mbele ya hawa batu."

Nilitaka kumshukuru pale pale. Shajara, wewe unajua. Maisha yangu yote mjini hapa nimetaka mtu aniambie maneno hayo matatu: panda, mu udongo. Mimi si wa Kibumba kama Mama alivyo wa Kibumba. Nilikulia hapa, kwenye hili jiwe jeusi, wateja wangu wako hapa, na kama ningeulizwa mimi ningesema ndiyo, asante, na kesho ningekuwa na jembe mkononi. Mdomo ulikuwa umeshafunguka.

Mama alinitangulia. Aliinuka kwanza kwenye kiti, kwa sababu hawezi kumkatalia mtu akiwa ameketi.

"Aksanti sana, papa. Lakini hii hapana. Hii iko ya Kibumba, itarudia Kibumba. Wewe njo mwenye parseli, upande ya kwako. Tutakukatia tawi."

Papa Safari hakutegemea hilo. Nami nikafikiri haraka: tawi, sawa, kuna vijitawi nyuma ambavyo ningevipunguza hata hivyo, kimoja kikubwa kidogo upande wa ukutani ambacho hakionekani. Nikakigusa kumwonyesha Mama. Akatikisa kichwa. Akanyoosha kidole kwenye tawi la kulia, la chini.

"Lile," akasema.

Dada Odette alinishika mkono. Nilimwambia Mama taratibu kwamba hilo ndilo tawi lenyewe, kwamba maonyesho yanaendelea kesho, kwamba mti utabaki na upande mmoja. Alinijibu, pia taratibu, kwamba anajua, kwamba kile kijitawi cha nyuma hakina nguvu na kinaweza kisishike, na kwamba mtu aliyepokonywa kwao kwa sababu ya miti hapewi kitu ambacho kinaweza kisishike. Papa Safari alisikia. Aligeuza uso kuelekea dirishani.

Basi nikatoa mkasi wa saluni kwenye mkoba. Nilikata karibu na shina, mkato mmoja, na utomvu ukadondoka kwenye kitambaa cheupe cha parokia. Watu waliokuwa ukumbini waligeuka wakidhani kuna ugomvi. Nilimpa Mama. Yeye akalifunga kwenye leso aliyoilowesha, akampa Papa Safari kwa mikono miwili, naye akalipokea kwa mikono miwili.

Halafu Mama akaanza kumpa maagizo. Mwenye nyumba wetu! Alimwambia achimbe penye ufa wa jiwe, sio juu juu. Anunue udongo mweusi, asidanganywe na ule mwekundu. Apande mbali na ukuta kwa sababu muvumu ukikua unabomoa, na mbali na tangi lake la maji, ambalo kwa kweli alitengeneze, linavuja tangu tulipohamia. Asiumwagie maji ya sabuni. Asiukate mpaka umpite urefu. Kila alipotua, Papa Safari alisema: "Ndiyo, mama." Aliondoka ameshika lile tawi mbele yake kwa mikono yote miwili, akipita mlangoni kwa ubavu ili lisiguse kitu.

Mama aliketi tena akaniuliza kama kuna chai.

Jioni tulipofunga ukumbi Dada Odette alitaka tuugeuze mti, ile nafasi tupu ielekee ukutani, na kidonda tukipake masizi kisionekane. Alisema kwa upole, na kwa sheria za kazi yetu ana haki. Nimekataa. Utabaki ulivyo, upande wa dirisha, na alama nyeupe ya mkasi ikionekana.

Kesho tunafungua baada ya misa. Watakuja wanaojua mambo haya, na wa kwanza ataniuliza tawi la kulia limekwenda wapi. Nitamwambia tulimpa mwenye nyumba wetu, alikuwa hana.